Shahada ya Uhalifu na Sinia la Futari

Nilipowaambia jamaa zangu kwamba nimepata nafasi ya kwenda Bara kusomea kriminolojia, bibi yangu aliuliza ndiyo dawa ya nini. Nikamweleza kuwa ni elimu ya uhalifu: kwa nini watu wanaiba, kwa nini wanapigana, na wafanywe nini wakishakamatwa. Akaacha kusuka ukili wake, akanitazama. "Yaani siku hizi wizi nao una chuo? Mbona wa mtaani kwetu wameiba bila ya kusoma?" Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilinuna, kwa sababu nina hasira za karibu tangu utotoni, na siku ile nilijiona mwerevu kuliko wote waliokuwamo humo.

Mjomba wangu, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akataka kujua mtoto wa kike anayesomea wezi ataolewa na nani. Nikamjibu kwamba nitaolewa na mwizi, angalau hatutakosa maongezi. Mama akanifinya paja chini ya kanga.

Aliyekuwa kimya ni baba. Alikuwa fundi saa, ana kibanda chake upande wa Darajani, na kazi hiyo ilimzoesha kufikiri ameinama. Alingoja kelele zipungue, akanyanyua kichwa, akasema, "Mie nshamkubalia. Akasome." Kisha akauliza kama kuna chai. Mazungumzo yakaishia hapo, na mjomba alibaki na hoja zake mdomoni. Baba ameshatangulia mbele ya haki. Sidhani kama alijua kriminolojia ni nini hasa, na hakuwahi kuniuliza. Aliniamini tu, na kila ninapopokea mshahara mpaka leo humwombea dua kabla sijafanya chochote.

Nilikwenda chuoni nikitarajia damu na alama za vidole. Nilichokikuta ni vitabu vizito, hesabu za takwimu ambazo zilinitoa machozi, na mwalimu mmoja mwanamama mwenye sauti ndogo ambaye darasa zima tulimwogopa. Insha yangu ya kwanza niliandika "mhalifu" kila mstari. Aliirudisha imepigwa mistari myekundu. "Mtu huyu wako aliiba asubuhi moja," akaniambia. "Mchana wake alikuwa nani? Jana yake je?" Nikataka kubishana, kama ada yangu. Akaningoja nimalize, akasema niiandike upya.

Ni yeye aliyetufundisha kuuliza. Alisema ukimuuliza mtu "kwa nini ulifanya," utapata hadithi, na mara nyingi ni hadithi ambayo mwenyewe ameshaizoea. Muulize alisimama wapi, nani alikuwa mbele yake, kitu kilikuwa mkono gani. Mtu akieleza hivyo, sababu hujitokeza yenyewe bila ya kuvutwa. Tulifanya mazoezi hayo mpaka yakatuchosha, tukiulizana habari za vitu vya kipuuzi, kama nani kamaliza sukari ya chumbani. Nilimwona mwalimu huyo ni msumbufu. Sasa namshukuru karibu kila wiki, ingawa sijawahi kumwambia.

Watu huniuliza mtu wa elimu hii anafanya kazi gani, na wengi wanauliza kwa sauti ya mjomba wangu. Nami huwajibu kwa kuwahesabia wenzangu. Kuna waliokwenda polisi, upande wa upelelezi, na wamevaa suti zinazowapendeza. Mimi pia nilitaka, lakini kimo changu kilinisaliti. Ukinitazama kwa mbali utadhani ni mwanafunzi wa darasa la saba. Niliyelala naye chumba kimoja yuko benki Dar es Salaam, anawafukuzia matapeli wa kwenye simu, na anasema hajawahi kufurahia kazi kama hiyo. Mwengine ni mkuu wa ulinzi katika hoteli moja huko Kendwa. Kwa maelezo yake, kazi yake kubwa ni kuwatafutia wageni miwani ambayo wameivaa kichwani. Wako waliokwenda ustawi wa jamii, wanashughulika na watoto walioumizwa, na hao nawavulia kofia kwa sababu mimi moyo huo sina. Mmoja amefungua duka la mabaibui mjini na anaapa kwamba shahada yake haikupotea: mkono wa mwizi anauona kabla haujafika kwenye nguo.

Mimi nilikaa nyumbani karibu mwaka mzima, nakaanga kachori na mama, namsikiliza mjomba akishangilia kimyakimya. Kisha ikatokea kazi katika jumuiya ndogo inayowasaidia watu waliomaliza vifungo kurudi majumbani kwao. Jela huku kwetu tunaiita Chuo cha Mafunzo, na mtu akitoka huko hutoka na nguo zake, pengine na ufundi kidogo, na aibu. Kazi yetu ni kuhakikisha anapofika kwao kuna mlango utakaofunguka. Ofisi yetu ni chumba kimoja ghorofani, ndani ya Mji Mkongwe, juu ya duka la vitambaa, na ngazi zake zinalia kiasi kwamba hakuna mtu anayeweza kuja kwetu kwa siri.

Ndipo nilipokutana na mtu wa Mkokotoni.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mrefu, anaongea akitazama sakafu. Alikuwa amefungwa kwa kuiba mashine ya boti ya jirani yake. Nyumba zao zinatazamana, mlango kwa mlango. Mashine aliiuza, fedha zikaliwa na mambo ya ujana, na haikupatikana tena. Yule jirani, mvuvi mwenye watoto, akawa hana cha kusukumia boti yake, ikabidi aende baharini kama kibarua katika boti za wengine. Mwizi alikwenda jela, lakini hilo halikumrudishia mvuvi mashine yake.

Siku ya kwanza aliposikia nimetoka chuo kikuu, aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Basi sote tumehitimu chuo," akasema. "Tofauti yetu weye ulikwenda kwa kupenda." Nikacheka, naye akacheka kidogo, na hapo nikaona kwamba tutaelewana.

Nikamuuliza anataka nini. Alisema anataka kukaa na mama yake. Alikuwa mtoto pekee, baba yake alikufa zamani, na mama huyo alikuwa ameshafika umri wa kuhitaji mtu wa kumtekea maji. "Lakini sitokaa pahala watu wananikimbia," akasema. "Nnajaribu Ramadhani hii moja. Ikishindikana, Idi pili sipo. Nnakwenda Bara, na sirudi." Nilijua safari hizo zinavyokwisha. Nilizisoma darasani, na kwa muda mfupi niliokuwa kazini nilishaziona kwa macho: mtu anakwenda asikokuwa na mwenyewe, anapokelewa na wale wale wa biashara zile zile, na mara ya pili kifungo kinakuwa kirefu. Na mama je? Angebaki na mlango unaotazamana na mlango wa mtu aliyeibiwa na mwanawe.

Nikapanga suluhu. Nilikuwa nimefundishwa namna yake: aliyekosa akae mbele ya aliyekosewa, kila mmoja aseme lake, aliyekosa aombe radhi kwa kinywa chake. Tulikutana barazani kwa sheha, mkuu wa kijiji, asubuhi moja ya mwezi wa Shaabani, tende na kahawa zipo. Yule mtu akaomba radhi. Mwenye mashine alimsikiliza akichezea kofia yake. Kisha akasema, "Mie nshasamehe. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Wazee waliokuwapo wakaitikia, "Yamekwisha, yamekwisha." Wakapeana mikono, ikasomwa dua. Nilirudi mjini nimejaa furaha. Nilimpigia simu yule rafiki yangu wa benki nikamwambia kwamba kazi yangu ni rahisi kuliko yake.

Jambo moja nililisahau, ingawa nimezaliwa na kukulia humu humu Unguja. Kwetu mtu haombwi radhi mbele ya watu akakataa. Kuna kitu tunakiita muhali, ile haya ya kumnyima mtu uso kwa uso, na muhali unaweza kumfanya mtu akatamka msamaha ambao bado hajaupata moyoni.

Kumi la mwanzo la Ramadhani lilipokwisha nilikwenda Mkokotoni kuwatazama. Nilipita sokoni nikanunua ndizi mzuzu na nazi, kwa sababu mtu haendi nyumba ya watu mwezi mtukufu mikono mitupu. Nikamkuta mama amekaa kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi nyengine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Za mjini? Funga inakwendaje?"

Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mikono myepesi sana, na nyumba yake ilinukia iliki. Nilikusudia kukaa kidogo tu. Lakini gari ya kurudi ilinipita, naye akaning'ang'ania. Ukweli ni kwamba sikukataa sana. Chungu cha pweza wa nazi kilikuwa jikoni, na mimi nilikuwa nimefunga kwa taabu.

Huko, kama ilivyo katika vijiji vingi vya kisiwa chetu, wanaume hawafuturu ndani. Majamvi hutandikwa nje, karibu na msikiti, na kila nyumba hutoa sinia lake. Wanakaa pamoja, masinia kati, na kila mmoja anakula cha mwenziwe. Mgeni akipita anavutwa mkono akae. Sisi wanawake tunabaki majumbani, na habari za nje tunazipata kwa kutazama kilichorudi kwenye sinia. Chakula kikiisha, mpishi anajua. Kikibaki, pia anajua, na pengine kesho yake atabadilisha chumvi.

Mama alipanga sinia lake kwa uangalifu kama anapeleka posa. Pweza kwenye bakuli kubwa, muhogo wa nazi, tambi, kaimati zilizong'aa shira, na buli la uji wa pilipili manga. Mwanawe akalibeba akatoka. Tukafuturu sisi wawili, tukasali, tukakaa.

Alirudi mapema mno. Aliliweka sinia chini na kuingia chumbani. Nikatazama. Bakuli la pweza limeliwa pembeni tu, upande mmoja, kiasi cha mtu mmoja. Muhogo hivyo hivyo. Kaimati zilikuwa zimejipanga kama zilivyotoka.

Mama akaanza kuyafunika mabakuli. "Leo watu wameshiba mapema," akasema, bila kunitazama.

"Na jana?"

Akafunika bakuli la muhogo.

"Mama, na juzi?"

"Tangu mwandamo, mwanangu," akasema. "Tangu siku ya kwanza linarudi hivi."

Damu ilinipanda. Nikasimama, nikatafuta mtandio wangu. Nilitaka kwenda kwa sheha pale pale, nimuulize yeye na wazee wake wa "yamekwisha" ni nini kilichokwisha. Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Mama akanishika mkono, na mkono wake mwembamba ule ulikuwa na nguvu ambazo sikuzitarajia.

"Kaa chini. Utakwenda kuwaambia nini? Wale kwa lazima? Wakilazimishwa watakula, na nyoyo zao zitakataa. Na yule mwenye mashine, mie siwezi kumlaumu. Wanawe wamekaa na njaa nikiwaona kwa macho yangu, hapo mbele. Mwanangu kafungwa, kalishwa, kapewa pa kulala. Yule nani aliyemlisha?"

Nikakaa. Darasani kote sikuwahi kusikia jambo hilo likisemwa na mtu ambaye lilimuuma pande zote mbili.

Mwanawe alikuwa ametoka chumbani, amesimama kizingitini. Nguo zake chache nilikuwa nimeziona zimekunjwa juu ya mkoba, pale kitandani. Alisema kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kuamua, "Mama, usijitese na pweza. Idi haiko mbali."

Sikujua la kufanya, basi nikafanya lile nililofundishwa. Sikumuuliza kwa nini watu hawali. Nilimuuliza anakaa wapi.

"Pembeni," akasema. "Karibu na mabomba ya kutawadhia."

"Na wao?"

"Wao kati, kwenye jamvi kubwa."

"Sinia unaliweka wapi?"

"Mbele yangu."

"Umeelekea wapi?"

Akafikiri. "Nimeelekea ukutani kidogo. Nnaona haya kuwatazama wakila."

"Na mwenye mashine kakaa wapi?"

"Kati. Sinia lake lipo mbele yake, na wenzake."

"Weye unakula kwa nani?"

"Nnakula changu."

"Umewahi kutia mkono katika chakula cha mtu mwengine, tangu mwandamo?"

Akanitazama kama niliyemtukana. Alinyanyua mkono wake wa kulia, akautazama na yeye. "Mkono huu? Walioukamata na kitu chao? Niutie kwenye sahani zao, mbele ya watoto wao?"

Kisha mama akapiga kelele, na sijawahi kusikia mwanamke mwembamba akitoa sauti kubwa namna ile.

"Kwa hivyo siku zote hizi unakaa pembeni na chakula changu kama mchoyo? Umewapa mgongo, umekumbatia bakuli, unakula peke yako? Khaa! Watu wanajuaje kilichomo moyoni mwako? Wao wanaona mtu katoka jela na kiburi, kaficha pweza ukutani!"

"Mama, mie naona haya."

"Haya yako wanaionea wapi? Imeandikwa mgongoni?"

Nilijibana nisicheke, na wakati huo huo machozi yalikuwa yananilenga. Mwanamke yule hakuwahi kuliona jamvi lile kwa jicho lake, kwa sababu wanawake hatwendi huko. Alikuwa anapika na kungoja, na kila sinia liliporudi alidhani ni hukumu ya kijiji. Kumbe kijiji nacho kilikuwa kinatazama mgongo wa mtu na kudhani ni jibu lake. Kila upande ulikuwa unangoja mwenziwe aanze, na Ramadhani inakwenda.

"Kesho," mama akasema, sasa kwa sauti ya kawaida, "sinia langu utaliweka kati. Na weye ukae kati. Na mkono wako uanze kwenye sinia la mwenye mashine, si la mtu mwengine."

"Na akinizuia?"

Mama alitengeneza ushungi wake kwanza. "Weye ndiye uliyeiba, weye ndiye utakayeanza. Akikuzuia, utakuwa umezuiwa mbele ya watu, na hiyo ni haki yake. Hapo nenda zako Bara. Nguo nitakufungia mwenyewe."

Yule mtu akakaa kizingitini. Nilipoondoka, kwa gari ya jamaa mmoja aliyekuwa anateremka mjini, bado alikuwa hajajibu.

Kesho yake nilirudi. Ofisini nilisema nakwenda kufuatilia kazi, na ilikuwa kweli. Mume wangu, maana nilikuwa nimeshaolewa, na si na mwizi, nilimwambia akafuturu kwa mama yake. Alifurahi kuliko ilivyostahili, nami nikamsamehe kwa sababu ya funga. Njia nzima nilikuwa najilaumu na kujitetea. Kumwambia mtu aende akadhalilike mbele ya kijiji kizima si kitu nilichosomea, na kama angezuiwa, mimi na maswali yangu ndio tuliomfikisha hapo.

Mama alikuwa amepika vile vile, bakuli lile lile, hakuongeza wala hakupunguza. Tulisaidiana kupanga sinia. Magharibi ilipokaribia, mwanawe akatoka chumbani amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Alilinyanyua sinia. Mama akamwambia, "Bismillahi," naye akatoka. Ile njia fupi mpaka msikitini tuliisikiliza kwa masikio mpaka viatu vyake vikapotea.

Ikaadhiniwa. Nilikula tende moja, na uji sikuumaliza. Mama alisali sala ndefu. Baada ya hapo tulikaa uani, sufuria zimefunikwa, kila mmoja akijifanya ana shughuli. Yeye alichambua mchele uliokuwa safi. Mimi nilikunja kanga iliyokunjwa.

Wakati aliorudi jana yake ukapita. Nikaona ni heri. Kisha ukazidi kupita, nikaanza kuona si heri. Watu wakigombana hukawia vile vile. Nilitega sikio nikasikia sauti za wanaume kwa mbali, zimechanganyika, na sikuweza kujua kama ni za mzaha au za shari.

"Ngoja nkachungulie," nikasema.

"Kaa," akasema mama.

Mlango ukasukumwa. Mwanawe akaingia na sinia, kofia imemkaa upande, akaliweka chini haraka. "Nnawahi tarawehe," akasema, na kabla hatujamuuliza lolote akawa ameshatoka. Uso wake sikuuona vizuri.

Tuliinama pamoja. Sinia lilikuwa tupu, limelambwa. Lakini mama hakufurahi. Aliligeuza, akalipapasa ukingo, akalisogeza kwenye mwanga wa taa. Lilikuwa kuukuu, lina doa la rangi ya kijani kwa chini, alama ambayo wanawake hutia ili masinia yasipotezane.

"Hili si langu," akasema.

"La nani?"

Alikuwa anautazama mlango wa mbele, ule unaotazamana na mlango wa jirani. Nikaelewa. Wanaume wakila pamoja, mikono inavukana, maongezi yananoga, na mwisho wake kila mmoja anabeba sinia lililo karibu naye. Hilo haliwezi kumtokea mtu aliyekaa ukutani. Mama akaliweka sinia magotini, akalikumbatia, na akalia kwa sauti ndogo, na mimi nikalia naye waziwazi. Alhamdulillahi, nikasema, na nikairudia.

Hapo tukasikia mtu anapiga hodi.

Ilikuwa sauti ya kike. Mama alijifuta uso kwa ncha ya ushungi. Baadaye aliniambia kwamba sauti ile hakuisikia mlangoni pake tangu mwaka mashine ilipoibiwa.

"Karibu," akasema.

Akaingia mke wa mwenye mashine, mnene, amejitanda kanga, sinia la mama mkononi na bakuli la pweza juu yake. Alisimama kati ya ua, kama aliyesahau namna ya kuwapo hapo. Akatutazama sote wawili na macho yetu mekundu, akaamua kutouliza.

"Wanaume wetu hawana akili," akasema. "Wamebadilisha masinia. Hili lako limekuja kwangu."

"Na lako hili hapa," mama akasema.

Yule mwanamke akalishusha sinia, akaliinamisha bakuli kutuonyesha. Lilikuwa limefutwa mpaka mchuzi. "Nasikia pweza alikuwa mtamu," akasema, kwa sauti ya kulalamika. "Mume wangu hana maneno mengine tangu arudi. Na mie hata mnofu mmoja sikuletewa."

Mama akasimama, akaenda jikoni, na akarudi na chungu na sahani.

"Nimebakisha," akasema. "Kaa nikutilie."

Akakaa.